Namna ya Kupata Baki la Polinomia Bila Kugawanya, kwa Wakazi wa Kyela na Jirani Zao

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa Kyela mjini, wa Ipinda, wa Matema, na hata wa ng'ambo ya mto Songwe upande wa Malawi, ambaye amekaa na kaunta buku magotini akilitazama swali hili: tafuta baki iwapo 2x³ − 5x² + 4x − 7 itagawanywa kwa x − 2. Unaweza kuusoma ukiwa umekaa, ukiwa umesimama kwenye foleni ya mashine ya kukoboa, au ukiwa shambani unaamia ndege wasimalize mpunga. Vifaa vinavyohitajika ni kalamu na kipande cha karatasi. Kikokotoo kibaki mfukoni.

Hatua ya kwanza: usigawanye.

Narudia kwa sababu najua hutaniamini. Swali lina neno "itagawanywa" na mimi nakwambia usigawanye. Lisome tena polepole. Limekuomba baki. Halikuuliza mgawanyo wenyewe unatoa nini. Lakini nenda darasa lolote la hisabati kuanzia Kasumulu hadi Matema, utamkuta mwanafunzi mwenye bidii ameshapiga mstari kwa rula, ameandika 2x² juu, amezidisha, ameshusha, ametoa, ameshusha tena. Mvua ya Aprili inapiga bati kiasi kwamba sauti ya mwalimu haisikiki, naye anaendelea kushusha na kutoa. Kwenye mstari wa tatu anakutana na hasi inayotolewa kwenye hasi. Anaitazama. Anachagua alama moja kwa kubahatisha, na kuanzia hapo ukurasa mzima ni kazi safi, yenye mwandiko mzuri, inayoelekea kwenye jibu lisilo lake. Bidii kama ile inastahili njia bora, na njia ipo.

Ili uiamini njia hiyo, anza na mpunga. Umevuna, umepepeta, na kwenye turubai una plastiki 47, zile ndoo za kupimia mpunga. Kila gunia linachukua plastiki 6. Unajaza magunia 7, na zinabaki plastiki 5. Kwa maandishi:

47 = 6 × 7 + 5

Hakuna mtoto wa Kyela anayehitaji kufundishwa hesabu hiyo. Anachopaswa kukumbushwa ni sharti lake: baki lazima liwe dogo kuliko gunia. Ukiacha plastiki 11 kwenye turubai ukasema ndilo baki lako, hujamaliza kazi, kuna gunia jingine hapo. Na ukizishindilia zile 5 juu ya gunia la saba, ukalishona na kilemba chake, umefanya lumbesa, na Wakala wa Vipimo wana neno na wewe. Hisabati nayo haipokei lumbesa. Baki litakaa peke yake, pembeni, lionekane.

Polinomia zinafuata utaratibu uleule. Ukiigawanya f(x) kwa x − 2, utapata idadi fulani ya magunia, tuiite q(x), na baki, tuliite r:

f(x) = (x − 2) × q(x) + r

Tofauti iko kwenye maana ya "dogo". Katika polinomia, udogo hupimwa kwa kipeo. Gunia letu hapa ni x − 2, ambalo x yake ina kipeo cha kwanza. Baki lazima liwe na kipeo cha chini ya hapo, yaani lisiwe na x kabisa. Litakuwa namba tupu. Tafadhali usiipite sentensi hiyo haraka, maana ujanja wote umekaa humo. Kama r haina x ndani yake, basi hata x ibadilishwe namna gani, r haitikisiki. Na mlinganyo ule wa juu ni kweli kwa kila x utakayoiweka. Kwa hiyo una haki ya kuchagua x inayokupendeza.

Chagua 2.

Angalia kilichotokea: x − 2 imekuwa 2 − 2, yaani sifuri. Gunia limeisha ujazo. Magunia yawe saba, yawe elfu, yote kwa pamoja hayabebi hata punje. Kila kilichopo kwenye turubai ni baki. Hivyo f(2) = r, na kazi yako imekuwa kuweka 2 mahali pa x:

f(2) = 2(8) − 5(4) + 4(2) − 7 = 16 − 20 + 8 − 7 = −3

Baki ni −3. Mwenzako bado anatafuta rula.

Plastiki hasi tatu za mpunga hazipo Ipinda wala Itungi, na mpunga wetu tuuachie hapo. Umetufikisha mlangoni, na ndani aljebra inajitegemea: baki linaweza kuwa hasi, linaweza kuwa sehemu, linaweza kuwa namba kubwa kuliko zote zilizomo kwenye swali, na bado likawa halali kwa sababu kinachopimwa ni kipeo.

Jina la njia hii ni nadharia ya baki. Ukienda Hisabati ya Ziada sekondari utakutana nayo, na ukifika kidato cha tano na cha sita utaikuta tena. Kwa ujumla inasema hivi: polinomia f(x) ikigawanywa kwa x − a, baki ni f(a). Wengine huihusisha na Mfaransa Étienne Bézout, aliyeishi kati ya 1730 na 1783. Kabla yake, mwaka 1637, René Descartes alikwisha kuandika juu ya uhusiano kati ya mzizi wa mlinganyo na kigawo chake. Lakini anayenigusa mimi zaidi ni as-Samaw'al wa Baghdad, katika karne ya 12. Alizichukua namba zinazotangulia vipeo, akazipanga kwenye jedwali, akazigawanya humo bila kuandika herufi hata moja. Kitabu chake inasemekana alikiandika akiwa na miaka 19. Huo ni umri wa mtu wa kidato cha sita. Mwanafunzi anayeketi Matema na milima ya Livingstone mgongoni kwake anapozipanga namba zake kwenye mstari, anafanya kazi ambayo kijana mwenzake aliifanya miaka mia nane na zaidi iliyopita, na ningependa aifanye akilijua hilo.

Sasa mtego. Badala ya x − 2, swali likiwa na x + 3, utaweka namba gani? Nusu ya darasa itaweka 3, kwa sababu 3 inaonekana kwa macho. Usiweke unachokiona. Weka kinacholimaliza gunia. Jiulize: x iwe ngapi ili x + 3 iwe sifuri? Iwe −3. Kwa polinomia yetu ileile:

f(−3) = 2(−27) − 5(9) + 4(−3) − 7 = −54 − 45 − 12 − 7 = −118

Aliyeweka 3 anapata 14, na 14 ni namba nzuri, fupi, inayofanana na jibu. Hiyo ndiyo hatari yake. Majibu ya uongo katika hisabati mara nyingi huvaa vizuri kuliko ya kweli. Na kigawanyo kikiwa 2x − 1, swali lako halibadiliki: x iwe ngapi ili kiwe sifuri? Nusu. Weka nusu:

f(½) = ¼ − 1¼ + 2 − 7 = −6

Usiogope sehemu. Zenyewe hazina ubaya wowote, ni sisi tuliozitangulizia hofu.

Ukitaka kuona nguvu ya jambo hili, jipe x¹⁰⁰ − 2x³⁹ + 5 uigawanye kwa x + 1. Kwa njia ya kushusha na kutoa, panda basi Mbeya mjini, anza kuandika Uyole, pita Tukuyu, teremka hadi Kyela, shika barabara ya Ipinda, na ukifika ufukweni Matema utakuwa bado unashusha. Kwa njia ya baki, weka −1. Kipeo 100 ni shufwa, kwa hiyo x¹⁰⁰ inatoa 1. Kipeo 39 ni witiri, kwa hiyo x³⁹ inatoa −1, na ukiizidisha kwa −2 unapata 2. Ongeza 5. Baki ni 8. Basi halijatoka stendi.

Wengine watauliza: na nikitaka baki pamoja na jibu la mgawanyo? Hapo ipo njia ya mstari mmoja, na kwa maoni yangu ndiyo iliyopaswa kufundishwa kwanza. Andika namba zinazotangulia vipeo kwa mpangilio: 2, −5, 4, −7. Tunagawanya kwa x − 2, kwa hiyo mkononi shika 2. Teremsha namba ya kwanza, 2. Izidishe kwa 2 iliyo mkononi, upate 4, ijumlishe na −5: inakuwa −1. Izidishe hiyo kwa 2, upate −2, ijumlishe na 4: inakuwa 2. Izidishe kwa 2, upate 4, ijumlishe na −7: inakuwa −3.

Ulichoandika ni 2, −1, 2, −3. Namba ya mwisho ni baki, −3, lilelile tulilolipata juu. Na zile tatu za mwanzo ndizo jibu la mgawanyo: 2x² − x + 2. Umezidisha mara tatu na kujumlisha mara tatu, hukuandika x hata mara moja, na hakuna mahali ulipotoa hasi kwenye hasi. Kama kipeo fulani hakipo kwenye polinomia, andika 0 mahali pake; ukiisahau sifuri hiyo mstari mzima unahama. Vitabu vingi huipa njia hii jina la William George Horner, Mwingereza, kwa andiko lake la 1819. Paolo Ruffini wa Italia alikuwa nayo miaka kadhaa kabla yake, na Qin Jiushao wa China alikokotoa kwa mtindo huohuo katika kitabu chake cha 1247.

Je, kigawanyo kikiwa na kipeo cha pili? Hapa wengi hukata tamaa na kurudi kwenye rula. Usirudi. Chukua polinomia yetu uigawanye kwa x² − 3x + 2. Gunia lina kipeo cha pili, kwa hiyo baki linaruhusiwa kuwa na x ya kipeo cha kwanza. Liandike Ax + B. Gunia hilo ni (x − 1)(x − 2), kwa hiyo linaisha ujazo mara mbili: x ikiwa 1, na x ikiwa 2. Unazo nafasi mbili za kulipata baki, na unatafuta namba mbili. Zinatosha kabisa.

f(1) = 2 − 5 + 4 − 7 = −6, kwa hiyo A + B = −6
f(2) = −3, kwa hiyo 2A + B = −3

Toa ya kwanza kwenye ya pili: A = 3. Basi B = −9. Baki ni 3x − 9.

Na kama kigawanyo ni x² + 1, ambacho hakiwi sifuri kwa namba yoyote ya kawaida, bado hujashindwa. Kukifanya kiwe sifuri ni kusema x² = −1. Basi kila unapoiona x², weka −1. Sehemu ya 2x³ ni 2x mara x², inakuwa −2x. Sehemu ya −5x² inakuwa 5. Ukiunganisha yote: −2x + 5 + 4x − 7, yaani 2x − 2. Hilo ndilo baki. Nimeona watu waliomaliza shule zamani wakifurahi kwa sauti walipoonyeshwa hatua hiyo moja, na sioni ajabu.

Baki likitoka sifuri, usilikasirikie ukadhani umekosea. Maana yake magunia yametoshea kamili na x − a ni kigawo cha polinomia. Kwa x³ − 6x² + 11x − 6, weka 1, weka 2, weka 3: kila mara unapata sifuri, na papo hapo polinomia imejifungua yenyewe kuwa (x − 1)(x − 2)(x − 3).

Sasa swali linaloulizwa kila mwaka na kila kidato, tena kwa haki: "Mwalimu, hili litanisaidia nini?"

Litazame linavyokusaidia nyumbani tayari. Mama ananunua umeme kwa simu, zinakuja tarakimu 20 za LUKU, mtoto anasomewa moja moja akizibonyeza kwenye mita. Akikosea tarakimu moja tu, mita inakataa. Imejuaje? Mita za LUKU zinafuata viwango vya kimataifa vya malipo ya kabla, vinavyojulikana kwa kifupi STS, na ndani ya kila tokeni, pamoja na taarifa za kiasi cha umeme na muda wa kununua, kuna biti 16 zilizowekwa kwa ajili ya ukaguzi. Biti hizo 16 ni baki. Kabla tokeni haijafungwa kwa siri, taarifa zake huchukuliwa kama polinomia yenye namba 0 na 1 tu, zikagawanywa kwa polinomia maalumu, na baki likaambatanishwa. Mita ikishafungua tokeni inafanya mgawanyo uleule. Baki lisipolingana, umeme hauingii. Biti 16 zinatoa mabaki 65,536 tofauti, kwa hiyo uwezekano wa tarakimu zilizokosewa kupenya ukaguzi huo kwa bahati ni kama mmoja katika idadi hiyo. Unakumbuka TANESCO walivyohimiza kila mtu aboreshe mita yake kabla ya tarehe 24 Novemba 2024? Chanzo kilikuwa nafasi ya kuhesabia muda ndani ya tokeni hizohizo, iliyokuwa inafika kikomo dunia nzima. Sehemu ya baki haikuwa na tatizo lolote, iliendelea na kazi yake.

Ukitaka kuujaribu mgawanyo huo kwa mkono, kanuni yake ni moja tu ya ziada: 1 + 1 = 0. Chukua ujumbe 1101, uongezee sifuri tatu mwishoni, ugawanye kwa x³ + x + 1, yaani 1011. Baki ni 001. Unalibandika mwishoni mwa ujumbe na kutuma 1101001. Anayepokea anagawanya tena. Akipata sifuri, anapokea. Tarakimu moja ikiwa imeharibika njiani, sifuri haitoki. Mbinu hii iliandikwa na W. Wesley Peterson mwaka 1961, na leo imo kwenye nyaya za intaneti na kwenye mafaili ya zipu yanayotumwa kwa barua pepe.

Na ile picha ya vimiraba vyeusi na vyeupe iliyobandikwa kwenye duka la stendi ili ulipe kwa simu? Ile, iliyobuniwa na kampuni ya Denso Wave ya Japani mwaka 1994, ina taarifa za muuzaji na pia baki la polinomia lililokokotolewa kwa mbinu ya Irving Reed na Gustave Solomon ya 1960. Baki hilo halikagui tu, linarekebisha pia. Ikitengenezwa kwa kiwango cha juu kabisa, picha inaweza kuharibika hadi karibu asilimia 30 na simu bado ikaisoma. Kyela ni mji wa mvua na matope, na karatasi ya dukani huloa mara kwa mara. Ikisomeka hata baada ya kuchakaa, ujue kuna baki linafanya kazi humo.

Limebaki suala la mtihani. Watunzi wanaipenda nadharia hii ikiwa imegeuzwa: baki wanakupa wao, kisha wanaficha kitu kingine. Mfano: 2x³ + kx² − x + 6 ikigawanywa kwa x + 2, baki ni 4. Tafuta k. Mwanafunzi wa rula atateseka sana hapa, maana atashusha na kutoa akiwa na k kila mstari. Wewe andika sentensi moja kabla ya hesabu yoyote: kwa nadharia ya baki, f(−2) = 4. Sentensi hiyo inamwonyesha msahihishaji kwamba unajua unachofanya, hivyo usiiruke hata kama hesabu umeimaliza kichwani. Kisha weka −2:

−16 + 4k + 2 + 6 = 4

Yaani 4k − 8 = 4, na k = 3. Irudishe 3 kwenye polinomia, pitisha namba 2, 3, −1, 6 kwenye njia ya mstari mmoja ukiwa umeshika −2 mkononi: 2, −1, 1, 4. Ya mwisho ni 4, kama walivyosema. Pigia mstari jibu lako, nenda swali linalofuata.